Mtungi wa Shaba na Vijidudu Vilivyokula Gesi ya Kivu

Siku mliyoniaga mlinipa mbuzi, kanga na hotuba tatu. Kati ya hivyo vyote, mbuzi peke yake ndiye aliyejua kunyamaza kwa wakati. Katika hotuba mlisema nilianza kazi zamani sana, na mmoja wenu, simtaji, akanong'ona kwamba zamani hizo Gisenyi hapakuwa na maabara yoyote. Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo havikuwa vingi na mishahara mnaijua wenyewe. Nataka mjue tulianzaje, kwa sababu ninyi mnabonyeza kitufe joto linakuja, mnafungua bomba maji safi yanatoka, mnadhani mambo yalikuwa hivyo tangu Adamu.

Maabara ilikuwepo. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika nyumba ya mawe meusi ya volkano kando ya ziwa, ile iliyokuja kufanywa ghala. Ilikuwa tawi dogo la chuo kikuu kimoja cha Ulaya, lakini watu wa mjini waliiita Nyumba ya Chupa, na hawakukosea. Mkuu wake alikuwa Mamuzeli Odile, Mbelgiji mrefu mwembamba ambaye hakuwa ameolewa na hakupenda kuulizwa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuwafuga viumbe wasioonekana kwa macho, vijidudu vinavyokula gesi.

Gesi yenyewe mnaijua. Iko chini kabisa ya Kivu, na inawaka. Gaspari, nahodha wetu, mvuvi na mwana wa wavuvi, alikuwa akiteremsha mpira mrefu kutoka kwenye mtumbwi hadi kilindini, anavuta mara moja kwa pampu ya mkono, basi. Kuanzia hapo maji hupanda yenyewe yakifoka mapovu, na kazi inayobaki ni kuyazuia yasikuloweshe. Mamuzeli alisema gesi hiyo haifiki yote juu kwa sababu njiani inaliwa. Alikuwa amewanasa walaji, anawalea kwenye chupa.

Mimi nilifika pale kwa ajili ya pazia. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Waislamu, na Mamuzeli alileta kitambaa cheusi kishonwe mapazia ya chumba chake cha picha. Nilikuwa nimesoma kidogo kwa masista, Kifaransa changu kilitosha kuomba ruhusa ya kutoka nje. Alinitazama nikitunga uzi, akamuuliza Baba kama ningeweza kumfanyia kazi, akasema anatafuta mtu anayejua kusoma na ambaye mikono yake haitetemeki. Baba alifikiri mpaka chai yake ikapoa. Akakubali, lakini akaniambia nisijisahau, kwani cherehani ya pili ilikuwa yangu na ilikuwa inaningoja.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Yusufu, mkuu wa chumba cha matayarisho. Alikuwa amewaoshea madaktari chupa tangu ujana wake, kofia nyeupe haijawahi kupinda kichwani, na alikuwa na sheria moja ambayo nimewachosha nayo ninyi nyote.

"We Mariamu, sikia," aliniambia kabla hata sijaweka mkoba chini. "Humu ndani unageuza kitu moja. Moja tu. Ukigeuza mbili, hata ukishinda hautajua ni nani alikushindia."

"Na nikishindwa, Mzee?"

"Hapo ndiyo hautajua hata nani wa kulilia."

Alinifundisha kuosha chupa hadi maji yateleze bila kuacha tone, kuzikausha, kukaza vizibo na kuvifunga kwa uzi. Kufunga uzi nilimshinda mapema, nikajiona mtu. Alinifundisha kupika chakula cha vijidudu, ambacho kilikuwa maji na chumvi chache za kwenye mikebe, kisha juu yake unajaza hewa na gesi ya ziwa. Mama alipouliza tunapika nini huko kwa Wazungu nilimwambia ukweli. Alisikitika sana. Alisema hata mwaka wa njaa watu hawakula chumvi na hewa.

Maji yale hayakuwa ya bomba wala ya ziwa. Tulikuwa na mtungi wa shaba nyekundu, mkubwa, mweusi kwa moshi, wenye bomba la shaba lililojiviringisha ubavuni. Maji yalichemka ndani, mvuke ukapita kwenye bomba, ukapoa, ukadondoka kuwa maji matupu. Mtungi ulikuwa na mabonde kila upande na ulikoroma ukichemka. Mzee Yusufu aliuita Bibi.

Na jinsi ya kujua kama vijidudu vimekula? Kiberiti. Chupa iliyokaa siku zake katika sanduku la joto ilifunguliwa, njiti ikawashwa na kusogezwa mdomoni mwake. Ikilipuka pu! kwa moto wa buluu, gesi bado imo, hakuna aliyekula, vijidudu vimekufa. Moto wa njiti ukinywea na kuzimika, gesi imekwisha, walaji wameshiba. Kwa hiyo kwetu moto ulikuwa msiba na giza lilikuwa sherehe. Ilinichukua muda kuzoea kufurahia kitu kisichowaka.

Nilizoea, nikaipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Asubuhi nilipoinua chupa kwenye mwanga nikaona maji yamefanya weupe kidogo, kama yaliyooshewa mchele, nilijua kuna uhai mle na ni mimi niliyeulisha. Kilichonikera kilikuwa kimoja: makoti meupe yaliyotoka Ulaya yalikuwa ya wanaume warefu. Nilifanya kazi na kitenge kiunoni. Nilimwomba Baba anishonee koti. Alikataa bila kuinua macho kwenye mashine.

"Sishone nguo ya kazi yenye sijue kama itamaliza mwaka," alisema.

Hakuwa mkali, alikuwa na sababu. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Profesa mkuu wa chuo anakuja kutoka Ulaya kuona kwa macho yake. Chuo kilikuwa kimechoka kutuma mikebe. Kama vijidudu vinakula kweli, nyumba ingebaki na kuongezewa watu. Kama sivyo, kila kitu kingetiwa kwenye masanduku, Mamuzeli angerudishwa kwao kufundisha, na sisi kila mtu angerudi kwake. Kwangu maana yake ilikuwa cherehani ya pili, ambayo Baba alikuwa amekwisha kuitia mafuta.

Basi tukajiandaa, na hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo watu wasiojua kukaribisha wageni wasingelifanya kamwe. Mnajua kwetu mgeni anapokuja. Mkeka wa zamani unafichwa, vikombe vyenye ufa vinaondoka, kila kipya kinatolewa kabatini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipaka chokaa. Tulifungua sanduku la sabuni mpya. Tulitupa vizibo vya zamani tukachukua vipya, vyeusi, vinavyonukia mpira. Tulitoa chupa mpya zilizokuwa zimelala kwenye majani makavu. Na kutoka sanduku kubwa kuliko yote tukatoa mtambo wa kukeneka maji, kazi ile ile ya Bibi, wa kioo kitupu, unaong'aa kama harusi, ambao Mamuzeli alikuwa ameuhifadhi kwa ajili ya siku kubwa. Siku kubwa ilikuwa imefika. Bibi akapewa Gaspari, naye akampelekea mama mkwe wake huko Nyakiriba, akapata sifa ukweni.

Mamuzeli alifurahi. Mimi nilifurahi. Mzee Yusufu, mwenye sheria yake, ndiye aliyefurahi kuliko wote, na alifuta ule mtambo wa kioo kwa kitambaa chake cha Ijumaa.

Tukatengeneza chupa mpya kwa ajili ya Profesa. Tukazifungua baada ya siku zake. Pu! Ya pili, pu! Tukatengeneza nyingine kwa uangalifu zaidi. Pu, pu, pu. Chumba kizima kilinuka kiberiti. Mamuzeli aliketi juu ya sanduku tupu, akawasha sigara kwa njiti iliyobaki, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikataza humo ndani.

Uhai wote uliobaki ulikuwa kwenye chupa moja ya zamani, iliyotengenezwa kabla ya chokaa. Tuliiita Mama. Kila chupa mpya ilihitaji matone kutoka kwa Mama, na Mama alikuwa anakwisha.

Mzee Yusufu ndiye aliyesema kwanza. Alivua kofia, nikaona kipara chake kwa mara ya kwanza.

"Tumegeuza vitu ine kwa mara moja," alisema. "Sabuni, vizibo, chupa, maji. Mi Yusufu. Mbele ya mugeni, sheria niliitupa inje pamoja na takataka."

"Tuliitupa sote," akasema Mamuzeli. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa mabaharia wa ziwani, na alipokuwa na huzuni kilikuwa kizuri zaidi. "Bon. Donc, tunarudisha moja moja. Leo."

Tukarudisha sabuni ya zamani, vingine vyote vikabaki vipya. Katika kundi la pili tukarudisha vizibo vya zamani peke yake, nilivyovichimbua mwenyewe kwenye shimo la taka. Kundi la tatu, chupa za zamani peke yake. Tukayapa makundi yote matone ya Mama, tukangoja. Siku ya kufungua Gaspari alisimama dirishani akituombea kwa sauti. Sabuni, pu! Vizibo, pu! Chupa, pu!

Kilichobaki kilikuwa maji.

"Lakini maji ya kioo ni safi kuliko ya Bibi," nilisema. "Bibi alikuwa mchafu. Safi itaua vipi, na chafu ilee?"

"Sijui," alisema Mamuzeli. Aliikagua chupa ya Mama, mlikuwa na kidole kimoja tu cha maji. "Ningependa kujua kwanza. Lakini kutojua hakuzuii kujaribu. Nendeni mukalete Bibi. Na musiisugue!"

Tulipanda lori la viazi hadi Mahoko, ilikuwa siku ya soko, kutoka hapo tukapanda kwa miguu kwenda Nyakiriba. Mzee Yusufu alibeba kibuyu cha asali mkononi na gunia begani. Nilimuuliza la gunia akasema ni mambo ya wakubwa. Njiani hatukuzungumza sana. Nilikuwa nikifikiria mlio wa cherehani.

Mama mkwe wa Gaspari aliitwa mukecuru, yaani kikongwe, Konsolata, mwanamke mfupi mwenye macho makali na Kiswahili cha sokoni. Alitupokea vizuri mpaka tulipotaja mtungi. Hapo akawa hajapata kuona mtungi maishani mwake. Lakini nyuma ya jiko palikuwa na rundo la majani ya migomba, na rundo lile lilikuwa linakoroma. Niliutambua mkoromo ule papo hapo. Na harufu haikuwa ya maji. Ilikuwa kanyanga, ile pombe kali ambayo serikali iliikataza na wazee waliiita dawa ya baridi. Mukecuru alidhani tumetumwa na bwana mkubwa kumkamata.

Mzee Yusufu, mtu wa swala tano, alikohoa, akageukia upande wa mlima ili asione kitu.

"Mama, sisi hatutazame nini iko ndani," alisema. "Tunaomba chombo tu. Tumekuletea asali."

"Asali niko nayo," alisema mukecuru. "Nyuki wangu hawajafa. Vijidudu yenu ndiyo imekufa, nimesikia. Mbona nitoe chombo muzuri juu ya maiti?"

Nilikuwa sijafundishwa kusema mbele ya wakubwa, lakini nilisema. "Haijakufa yote, mukecuru. Imebaki kidogo sana. Mgeni akikuta imekufa, nyumba inafungwa, na mimi narudi kushona."

"Yewe! Kushona iko na ubaya gani?"

"Haina ubaya," nilijibu. "Baba yangu anashona vizuri kuliko mtu yeyote. Ila ni kazi yake. Hii ni yangu."

Mukecuru akanyoosha kidole kwenye bega la Mzee Yusufu. "Na mu gunia iko nini?"

Mzee Yusufu alifumba macho. Alifungua gunia, akatoa sufuria yake ya pilau, ile ya harusi zote za mtaa wetu, iliyopikia hata wageni wa arobaini ya kuzaliwa kwangu. Alikuwa ameibeba akiomba Mungu isihitajike. Mukecuru aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaisikiliza ikilia, akacheka kwa mara ya kwanza. Akaenda mwenyewe kuuzima moto chini ya majani ya migomba.

Tulirudi Gisenyi juu ya lori lile lile, Bibi amekaa katikati yetu akinuka kama kilabu. Abiria walimtazama Mzee Yusufu, wakatazama kofia yake, wakatazama mtungi. Alikaa wima njia nzima, akisoma dua.

Tulimsuuza Bibi mara nyingi kwa maji ya moto, hatukumsugua. Tukakeneka maji. Chupa mpya, vizibo vipya, sabuni mpya, kila kitu kipya isipokuwa maji, kitu kimoja tu. Mama alitosha chupa mbili. Nilipoinamisha tone la mwisho, Mzee Yusufu aliushika mkono wangu kwa chini. Pembeni tukaweka chupa ya tatu, maji na gesi tu, bila vijidudu, ya kulinganisha.

Zile mbili zikaanza kufanya weupe. Lakini weupe si ushahidi, mnajua, uchafu wowote huleta weupe. Mamuzeli alitaka tungoje hadi mwisho wa juma, tujaribu moja faraghani, tubaki na moja ya mgeni. Profesa naye akapanda meli ya mapema kutoka Bukavu. Tuliona kofia yake gatini wakati bado tunafagia.

Aliingia amelowa jasho, mzee mnene mwenye masharubu, akakataa chai, jambo lililomuumiza Mzee Yusufu zaidi ya sufuria. Alitaka chupa. Mamuzeli alisimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Akaanza na ile isiyo na vijidudu. Njiti. Pu! Moto wa buluu uliruka, Profesa akarudi nyuma akamkanyaga Gaspari.

Mamuzeli akachukua ya pili. Nilikuwa nimejibana ukutani, chokaa yote imenihamia mgongoni. Njiti ikawaka. Ikasogea mdomoni mwa chupa. Moto ukanywea, ukawa nukta, ukazimika.

Profesa alinyoosha mkono, akamnyang'anya Mamuzeli kiberiti, akafungua ya mwisho mwenyewe. Aliwasha. Ikazimika. Akawasha njiti nyingine, akaitumbukiza ndani kabisa. Ikazimika. Akaendelea kuwasha kama mtoto, akicheka peke yake, mpaka Gaspari aliposhindwa kuvumilia.

"Imekufa!" alipiga kelele kuelekea ziwani, kwa wavuvi wenzake. "Moto imekufa! Tumeshinda!"

Mamuzeli alinikumbatia na Mzee Yusufu kwa pamoja, mimi mkono huu, yeye mkono ule, kofia ikaanguka. Alikuwa analia na hakujificha. Kisha akamwonyesha Profesa mtungi, akamweleza yote, pamoja na kosa letu, pamoja na kilichokuwa kikipikwa ndani yake Nyakiriba. Profesa aliinama, akanusa, akainuka na heshima mpya. Baadaye Mamuzeli alipima na kupima mpaka akajua: vijidudu vile vinahitaji chembe ya shaba, ndogo sana, kama sisi tunavyohitaji chumvi, na Bibi alikuwa akivipa kila siku bila sisi kumwomba. Maji ya kioo yalikuwa safi mno kuliwa. Leo mnalijua jambo hilo kabla hamjaketi kitini. Sisi tulilibeba kwa lori la viazi.

Nyumba haikufungwa. Jioni hiyo tulimpikia Profesa pilau, katika sufuria ya kuazima, na Mzee Yusufu alilalamika kwamba wali umeshika chini na kwamba ile yake isingefanya hivyo. Profesa aliongeza sahani. Mukecuru Konsolata aliletewa habari na mkwewe, akajibu kwamba yeye alijua tangu mwanzo, na kwamba sufuria hairudi.

Nilitembea kwenda nyumbani na chokaa mgongoni. Baba alikuwa dukani bado, milango nusu imefungwa. Hakuinua macho.

"Iliwaka?" aliuliza.

"Haikuwaka, Baba."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Aliinama chini ya meza, akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya gazeti, akakiweka juu ya cherehani ya pili. Koti jeupe, mifuko miwili, vifungo vya mfupa, limepigwa pasi. Nguo kama ile haishonwi jioni moja. Ilikuwa imekwisha kitambo, nilijua kwa kugusa, alikuwa ameishona wakati sisi tukilipua chupa. Nililivaa pale pale juu ya chokaa. Lilikuwa pana mabegani na refu kidogo, na nilikuwa nalia.

Baba alizunguka nyuma yangu akanyoosha pindo kwa vidole, kama afanyavyo kwa kila mteja.

"Nimeacha upindo mukubwa kila upande," alisema. "Ili ukinenepa mu kazi yako, ufungue."

Nimeufungua mara tatu.